Nyuma ya Daftari la Vipimo

Jumatatu, 20 Januari 2025

Tako la kushoto limeanza tena baada ya adhuhuri. Si juu ya nyama, ni ndani kabisa, mahali ambapo hata mke wangu akichua kwa kiwiko hapafiki. Nikikaa kwenye cherehani muda wa kushona suruali moja, moto unawaka pale, unashuka nyuma ya paja, unazunguka ubavuni mwa goti na kuingia kwenye shavu la mguu. Nikisimama unapoa. Nikikaa unarudi.

Ngamiani nzima ina jina la ugonjwa huu. Muuza kahawa kasema baridi imeingia mifupani. Fundi mwenzangu kasema ni uzee, na yeye kanizidi miaka. Shemeji kasema, "Mshipa huo," kisha akacheka, maana hapa Tanga ukimtaja mtu na mshipa, watu wanaanza kukadiria suruali yake ina nafasi kiasi gani. Duka la dawa wamenipa vidonge na sindano ya vitamini. Siku ile ya sindano nililala na matako yote mawili yanauma.

Usiku huu nimejipima. Nimeuanzisha mkanda kiunoni, nikashuka nao ubavuni vile vile ninavyompima mteja wa suruali. Urefu wangu hadi kifundo cha mguu ni inchi 40. Goti liko inchi 22. Moto unaishia inchi 33. Nimeandika 33 kwa kalamu nyekundu. Nimechoka kuwaambia watu "inauma sana". Kila anayeuliza nampa maneno hayo hayo na hakuna anayejua afanye nini nayo.

Alhamisi, 23 Januari

Hospitali. Daktari kanisikiliza, kaniandikia karatasi ya kwenda chumba cha mazoezi tiba. Nilitegemea kukuta mwanamume mwenye mabega. Nimemkuta binti wa umri wa mwanangu wa pili. "Shikamoo fundi," kasema kabla sijamwambia kazi yangu. Kaona uzi kwenye mkono wa shati.

Kabla ya kunigusa kauliza maswali yaliyonifanya nitazame mlango kama umefungwa. Mkojo unatoka vizuri? Choo unakizuia? Kuna ganzi msambani, pale panapokaa kwenye tandiko la baiskeli? Miguu yote miwili inalegea? Nimepungua uzito bila sababu, nina homa usiku, nimewahi kuugua saratani au kifua kikuu? Nikajibu hapana kwa kila moja. Kasema, "Baba, ungejibu ndiyo kwa lile la mkojo au la ganzi, tusingekuwa hapa. Ningekupeleka kwa daktari sasa hivi, maana neva za mkia wa uti wa mgongo zikibanwa hazisubiri kesho."

Kisha akanipima, na mimi mpimaji nikamwangalia kwa wivu. Nimetembea kwa visigino, nimetembea kwa ncha za vidole. Nimekaza kidole gumba cha mguu kwenda juu naye akikisukuma chini. Kanigonga kwa nyundo ya mpira nyuma ya kifundo, mguu ukaruka kama unavyotakiwa. Kanipitishia pamba juu ya unyayo na ukingoni karibu na kidole kidogo. Kila pahali, kasema, pana neva yake inayotoka kwenye pingili yake, hivyo pamba ile inasoma mgongo kutoka mbali. Nimelala chali akaunyanyua mguu ulionyooka: wa kulia umefika nyuzi 80, wa kushoto nyuzi 60 ukaanza kuvuta. Mgongo nimeuinamisha na kuurudisha nyuma, moto haukubadilika. Mwisho kanilaza ubavu wa kulia, akaukunja mguu wa kushoto na kulivusha goti kuelekea kitandani. Hapo nilimwita mama yangu.

Kasema neva ya siatiki inakusanyika kutoka pingili za chini za kiuno na mfupa wa sakramu, inapita katikati ya tako, na ndiyo neva nene kuliko zote mwilini: upana wake unaweza kufika sentimita 2. Ndani ya tako inapita chini ya msuli mdogo unaoitwa piriformisi, unaotoka kwenye sakramu hadi nundu ya nje, juu ya mfupa wa paja. Kwa watu wengi inapita chini yake. Kwa wengine, kama mmoja kati ya sita, sehemu ya neva inapenya katikati ya msuli wenyewe. Anadhani yangu inasumbuliwa pale. Lakini kasisitiza kwamba hakuna kipimo kimoja kinachomaliza maneno, na mgongo bado haujaachiwa huru.

Nimemwonyesha namba yangu nyekundu. Hakucheka. Kasema, "Endelea kuandika hiyo."

Jumapili, 26 Januari

Mazoezi niliyopewa ni madogo hata aibu. Nakaa ukingoni mwa meza, miguu inaning'inia. Nanyoosha goti la kushoto na wakati huo huo nainua uso kutazama dari. Nikikunja goti, kidevu kinashuka kifuani. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Nisikaze, nisishikilie, nisitafute maumivu.

Nilimuuliza kwa nini nisiuvute mguu kwa nguvu mpaka unyooke, kama vijana wa mpira wanavyofanya uwanjani. Kasema neva iliyokasirika haipendi kuvutwa, inapenda kuteleza. Nimelielewa jambo hilo dukani, nikiingiza kamba kwenye upindo wa suruali ya kulalia. Ukivuta ncha moja huku nyingine umeiachia, kamba inateleza ndani ya upindo na kitambaa kinabaki laini. Ukivuta ncha zote mbili kwa pamoja, inakaza na kitambaa kinajikunja. Shingo ni ncha moja, unyayo ni ncha nyingine. Goti linaponyooka, shingo inaachia.

Amri ya pili ni ngumu zaidi: nisikae zaidi ya dakika 20 hadi 30 mfululizo. Fundi asiyekaa ni fundi gani? Saa ya ukutani nimeijaribu, naisahau. Nimeona bobini inafanya kazi hiyo vizuri. Uzi wa chini ukiisha lazima nisimame, ndiyo sheria niliyojiwekea. Najaza bobini nimesimama, natembea hadi mlangoni, namsalimia muuza kahawa, narudi. Muuza kahawa anadhani nimeanza kumpenda.

Pochi imehama kutoka mfuko wa nyuma kwenda mfuko wa shati. Usiku nalala ubavu wa kulia na mto katikati ya magoti, ili goti la juu lisianguke na kukaza tako.

Jumanne, 4 Februari

Leo nimekwenda hospitali na hasira. Tako linauma kuliko mwezi uliopita. Ni maumivu mazito, yamekaa mahali pamoja, sitaki mtu anipite karibu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia binti wa mazoezi kwamba mazoezi yake yameniharibu.

Kaniuliza jambo moja: "Inchi ngapi?"

Nikafungua daftari. Ishirini na nne. Shavu la mguu liko kimya. Moto unaishia kidogo chini ya goti, na jana ulikwama kwenye 19.

Kasema maumivu ya neva yakipanda kurudi kuelekea yalikotoka, hata yakiwa makali zaidi huko juu, ni habari njema. Yakishuka kuelekea unyayoni, hata yakiwa mepesi, tunapunguza kazi na kutazama upya. Kanisimulia habari ya Robin McKenzie, mtaalamu wa mazoezi tiba wa New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake mwenye maumivu ya mguu alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande wa kichwa ulikuwa umeachwa umeinuliwa, mgongo ukapinda kinyumenyume. McKenzie aliporudi chumbani alimkuta mgonjwa anasema mguu umepona, uchungu umebaki kiunoni tu. Kwa hofu mwingine angemwondoa haraka. Yeye alianza kuchunguza ni mkao gani unaoyapandisha maumivu na upi unaoyashusha, na njia hiyo sasa inafundishwa duniani kote. Wagonjwa wake wengi walikuwa wa diski za mgongo, wangu huenda ni wa tako, lakini desturi ya kutazama maumivu yanaishia wapi inatufaa sote.

Nimeondoka na hasira yote ikiwa mkononi, sina pa kuiweka. Nimemnunulia mke wangu maandazi.

Jumatano, 12 Februari

Mteja wangu mmoja, mtu wa bandari, kaona nashona na kusimama, nashona na kusimama, akaniambia haya yote ni kupoteza muda: niende Dar nikapigwe MRI, waone. Ameniacha na wasiwasi. Jioni nikampigia binti wa mazoezi.

Kasema eksirei inaonyesha mifupa, neva haionekani humo. MRI inaonyesha diski na neva, ni kipimo kizuri kwa mtu anayepoteza nguvu ya mguu, mwenye zile dalili za mkojo, au anayeelekea kupasuliwa. Shida yake ni kwamba inaonyesha mengi mno. Wamewapima watu wasio na maumivu yoyote: kwa wenye miaka 50, kama 60 kati ya 100 walikuwa na diski iliyotokeza. Hawaumwi, wanalima, wanacheza na wajukuu. Mtu wa namna hiyo akiumwa tako akapigwa picha, diski yake ya siku zote itakamatwa kwa kosa la mwingine.

Nikamuuliza mbona kila mtu anataja diski. Kasema mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walionyesha kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana mzizi wa neva, na tangu hapo diski ikashika jina. Ule ugonjwa wa msuli wa piriformisi ulipewa jina mwaka 1947, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni wagonjwa wangapi hasa wanao. Yeye mwenyewe hapendi ubishi huo. Anapenda kujua mguu unafanya nini leo ambacho haukukiweza wiki iliyopita.

Kabla hajakata simu kanipa jambo la kushika: maumivu mengi ya siatika, yaani ya neva hii ya siatiki, hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12. Nimemuuliza, kama yanatulia yenyewe, mazoezi ya nini? Kasema: ili wewe usidhoofike wakati neva inatulia, na ili kazi iliyokuleta hapa isikurudishe.

Jumamosi, 22 Februari

Hatua mpya. Neva imetulia vya kutosha, sasa ni misuli. Binti kanisimamisha mguu mmoja mbele ya kioo. Nikisimama kwa mguu wa kulia, kiuno kiko sawa. Nikisimama kwa wa kushoto, upande wa kulia unaporomoka na mwili unapinda kuufuata. Kasema misuli ya ubavuni mwa nyonga imezembea. Piriformisi ni msuli mdogo, na wakubwa wake wakilala yeye anabebeshwa kazi isiyo saizi yake, anakaza.

Nimeandika kama nilivyoambiwa:

Kulala chali, magoti yamekunjwa, kunyanyua kiuno mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja. Kubana matako juu, kuhesabu hadi 5, kushuka taratibu. Mara 10, mizunguko 3.

Kulala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, nyayo zimegusana. Kufungua goti la juu bila kiuno kubingirika nyuma. Mara 10, mizunguko 3. Likiwa jepesi, kufunga mpira magotini.

Kusimama, mpira umezunguka miguu juu ya magoti, kutembea ubavu ubavu, hatua 10 kwenda na 10 kurudi.

Kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, kukaa polepole. Mara 10.

Kukunja mguu wa kushoto juu ya goti la kulia, kuvuta paja la kulia kifuani mpaka tako la kushoto livutike. Sekunde 30, mara 3. Livutike tu, lisiwake.

Siku moja kufanya, siku moja kupumzika kwa yale ya nguvu. Yale ya kuteleza kila siku.

Mpira wa kununua una bei. Nimekwenda kwa fundi baiskeli, kanipa tyubu kuukuu, nimeikata mkanda wa upana wa inchi 2 na kupinda kingo kwa cherehani ili usinikwaruze. Binti wa mazoezi kauona, kaagiza kumi kwa wagonjwa wake. Wajukuu wamenikuta uani natembea ubavu ubavu, wakajipanga nyuma yangu. Sasa ni mchezo wao wa jioni, na mimi ndiye mkubwa wa mchezo.

Kipimo cha leo: 15. Katikati ya paja.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani. Msikitini wameniona nachechemea, vijana wakakimbia kuniletea kiti, Mungu awalipe. Lakini kiti ndicho adui. Kusimama kwa tarawehe hakunisumbui. Rukuu inavuta nyuma ya paja, nikikunja magoti kidogo inaachia. Sijida ni raha, naweza kubaki huko. Shida ni tahiyatu ya mwisho: kwa desturi yetu tako la kushoto linakaa chini na mguu wa kushoto unapitishwa chini ya wa kulia. Yaani mwili wote unakaa juu ya mahali penyewe.

Nimemuuliza sheikh. Kasema mkao ule ni sunna, si sharti, mgonjwa akae anavyoweza. Nimekaa juu ya unyayo kama tahiyatu ya katikati, nimeweka kanzu iliyokunjwa chini, nimemaliza salama. Kiti nimemwachia mzee wa goti.

Mazoezi ya nguvu nayafanya baada ya tarawehe, nikiwa nimefuturu na kunywa maji. Yale ya kuteleza hayataki nguvu, nayafanya mchana dukani bila saumu kulalamika. Binti kasema kufunga si sababu ya kulala siku nzima. Zamani waliougua siatika walilazwa kitandani wiki mbili. Mwaka 1999 Waholanzi walilinganisha kulala na kuendelea na shughuli, wakaona kulala hakukuwa na faida ya ziada.

Alhamisi, 20 Machi

Oda za Idi. Kanzu, kanzu, kanzu, na magauni ya watoto yanayotaka riboni kila ukingo. Kila mtu Tanga amekumbuka leo kwamba ana mwili. Bobini inaisha na mimi najaza bila kutoka mlangoni.

Jioni: 29. Limeshuka hadi shavu la mguu.

Nimempigia binti. Sauti yake haikubadilika, nami nikatulia kwa sababu hiyo. Vidole vina nguvu? Ndiyo. Natembea kwa visigino? Ndiyo. Ganzi msambani? Hapana. Basi, kasema, neva imekasirika, haijaumia upya. Tusiache mazoezi, tuyapunguze: yale ya kuvuta tako tuyaweke kando, ya nguvu yawe nusu, ya kuteleza yaendelee. Kanuni kanikumbusha: maumivu wakati wa zoezi yasizidi 4 kwa 10, na asubuhi yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki yamepanda hadi kesho, dozi ilikuwa kubwa. Zoezi ni dozi, na fundi anayepunguza dozi hajaacha dawa.

Lililobaki ni la kwangu, si lake. Nimegawa kazi upya. Kukata, kupiga pasi, kupima na kutia vifungo nafanya mimi, nimesimama mezani. Kunyoosha mishono mirefu nimempa mwanafunzi wangu. Alikuwa anangoja siku hii na mimi nilikuwa naichelewesha kwa kuogopa kola zake. Kola ya kwanza imepinda. Ya nne, mteja hakuona tofauti.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, wateja wamevaa, madeni mawili hayajalipwa. Leo binti kanipima upya tangu mwanzo, kitu kwa kitu, ili namba zikae upande kwa upande.

Mguu ulionyooka: nyuzi 75 bila kuvuta. Kusimama mguu wa kushoto: kiuno kimekaa sawa, kimeanza kutetemeka mwishoni. Kuinuka kwenye kiti kwa nusu dakika: nimefanya 13, nilianza na 8. Lile la kuvusha goti kitandani: linabana, haliwaki. Inchi: 9, na si kila siku.

Nilimwambia bado panauma. Kasema, "Najua baba. Ila umeshona oda za Idi." Kisha kaeleza kwamba misuli inahitaji miezi, si wiki, kupata nguvu ya kweli. Wiki za mwanzo ni ubongo unajifunza kuiamsha. Wengi wanaacha hapo, maumivu yakiwa yamepungua na nguvu ikiwa haijaja, kisha wanarudi wakisema mazoezi hayafai.

Nimeuliza kuhusu kijana wa mtaani kwetu aliyebaki na mguu unaoburuta baada ya kuchomwa sindano ya tako akiwa mdogo. Uso wa binti ulibadilika. Kasema hiyo ni neva hii hii. Robo ya juu ya tako, upande wa nje, ndiyo inayoipa neva nafasi, na kwa watoto wadogo sindano inachomwa pajani. Mtoto wa aina hiyo anahitaji mazoezi na kishikizo cha mguu mapema. Kaniomba nimwambie kijana aje, hata kama ni miaka mingi. Nguvu ya neva huenda isirudi, lakini mwendo unaweza kurekebishwa.

Jumanne, 22 Aprili

Jora la kitambaa. Tangu Januari sijanyanyua jora. Lilikuwa kazi ya mwanafunzi. Leo binti kaniambia nije na moja hospitalini, wagonjwa wote wakanitazama.

Kanifundisha kuinama kwa nyonga: miguu imeachana, matako yanarudi nyuma, magoti yanakunjika kidogo, jora linabaki karibu na mapaja, kisha kusukuma ardhi kwa miguu. Nilianza bila kitu, nikashika fimbo mgongoni ili nijue kama naupinda, kisha nusu jora, kisha jora zima. Nilikuwa nimezuia pumzi kama mtu anayevuka mto. Kasema hofu hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa: aliyeumwa mgongo au tako huanza kuukaza mwili wote kabla ya kila kitu, na mwili uliokazwa siku nzima unachoka na kuuma. Mgongo umeumbwa kuinama. Tunaupandishia mzigo kidogo kidogo mpaka uamini tena.

Jioni nimetembea na mke wangu hadi Raskazone. Upepo wa bahari, vijana wanaogelea, yeye anasimulia harusi ya mpwa wake na nani hakualikwa. Tulipofika ndipo nilipogundua sikuwa nimeufikiria mguu njia nzima. Yeye ndiye aliyeomba kukaa.

Kipimo: 6, tako tu, baada ya kurudi. Limeondoka nilipolala.

Jumapili, 18 Mei

Dereva wa daladala, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja asubuhi kupunguza suruali. Kasikia habari zangu. "Fundi, nipe lile zoezi moja lililokuponya. Mimi nalo linashuka hivi hivi, mguu wa kulia, na sasa limeingia wa kushoto."

Nilikuwa nimeshakunja jamvi nimwonyeshe uani. Neno "wa kushoto" likanisimamisha. Nikamuuliza linaishia wapi. Kasema nyayo zote mbili, tangu jana. Nikamuuliza mkojo, na nikaona uso wake unafanya nilivyofanya mimi siku ile. Kasema tangu usiku anasimama muda mrefu hautoki, na akijifuta hajihisi vizuri. Alidhani ni kwa sababu ya kukaa kwenye usukani.

Nimefunga duka. Bodaboda ingemtikisa, tumechukua bajaji. Njiani alikuwa bado ananiuliza kuhusu mazoezi, nami nikimwambia leo si siku ya mazoezi. Pale mapokezi nimesema maneno yale yale niliyofundishwa, kwa utaratibu ule ule: miguu yote miwili, ganzi msambani, mkojo hautoki. Hawakutuweka kwenye foleni. Alasiri mkewe kanipigia kwamba wanamsafirisha kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar, usiku huu huu, na kwamba daktari kauliza nani aliyemleta.

Nimempigia binti wa mazoezi. Kanyamaza kidogo, kisha kasema, "Umefanya vizuri kutompa lile zoezi, baba."

Mwenyewe nimefanya mizunguko yangu jioni, kiuno juu, goti wazi, tyubu magotini. Naumwa kidogo siku za mishono mirefu, inchi 5 au 6, naendelea mara tatu kwa wiki na sitarajii kuacha. Mtu anayeshona lazima akae, na anayekaa lazima adai mwili wake nguvu ya kukaa.

Wateja watakaouliza ni wengi; dereva hatakuwa wa mwisho. Nimechukua karatasi ngumu ya kukatia kola, nimeandika kwa herufi kubwa na kuitundika chini ya orodha ya bei za kushona:

Linaishia wapi?
Mguu mmoja au yote miwili?
Vidole vina nguvu? Tembea kwa visigino nione.
Mkojo na choo vikoje? Kuna ganzi msambani?
Likipanda au likishuka, ni baada ya kufanya nini?

Mwanafunzi wangu kaisoma yote, kaangalia bei zilizo juu yake, kisha akauliza kama hii nayo tutaitoza kabla au baada ya kushona.